Bekapu Ikigoma Kurudi: Namna ya Kurudisha WhatsApp, Majina na Picha Kwenye Simu Mpya

Simu mpya imewaka, laini imeingia, WhatsApp imepakuliwa na namba imethibitishwa. Halafu kioo kinakuambia hakuna bekapu (nakala ya akiba) iliyopatikana. Au inaanza kurudi vizuri, inafika asilimia arobaini na kitu, inaganda hapo mpaka asubuhi.

Kabla hujagusa kitufe chochote, jua hili: mara nyingi data zako bado zipo. Simu mpya ndiyo haijazifikia, kwa sababu akaunti ya Gmail si ile, namba si ile, toleo la Android liko chini, au nafasi haitoshi. Kinachozipoteza moja kwa moja ni haraka ya mtu baada ya kuuona ule ujumbe. Anaruka hatua ili aendelee kuchati, anaifuta simu ya zamani amuuzie mtu, au anai-reset simu mpya bila kujua nywila ya Gmail iliyomo. Kwa hiyo tutaanza na kuzuia hasara, ndipo tutafute kosa.

Simu nyingi huku kwetu menyu zake ziko kwa Kiingereza. Majina ya vitufe nimeyaacha kama utakavyoyaona kwenye kioo.

Hatua ya kwanza: linda kilichopo

Simu ya zamani ikiwa bado iko mkononi mwako, hata kama kioo kimepasuka, iache ilivyo. Usiifute, usiiuze, usiiondoe WhatsApp. Hakuna bekapu iliyo bora kuliko simu yenyewe inayowaka.

Kwenye simu mpya, WhatsApp ikikuletea ukurasa wa kurudisha mazungumzo, usibonyeze "Skip". Watu wengi hudhani watarudi baadaye kwenye mipangilio wakarudishe. Hakuna kitufe cha namna hiyo. Ukurasa ule hutokea mara moja tu, baada ya kuthibitisha namba, na ukiupita itakubidi uiondoe WhatsApp na kuiweka upya ndipo uuone tena.

Hatari iko hapa: ukisharuka, WhatsApp inaanza kuhifadhi mazungumzo mapya uliyonayo sasa, yaani karibu hakuna kitu. Kwenye akaunti ya Google hukaa bekapu ya mwisho tu. Ikiingia mpya, ile ya miaka mitatu inafunikwa. Kama ulisharuka, ingia sasa hivi "Settings", kisha "Chats", kisha "Chat backup", uzime "Automatic backups". Baada ya hapo ndipo uondoe WhatsApp na kuiweka tena.

Na usiifute simu mpya kwa kubonyeza vitufe vya pembeni ukidhani unaanza upya. Android ina ulinzi dhidi ya wizi: simu ikifutwa kwa njia hiyo, ikiwaka inadai Gmail na nywila iliyokuwemo kabla. Asiyeijua nywila anabaki na simu iliyofungwa, na tatizo la bekapu linakuwa la pili.

Hatua ya pili: jua unatafuta bekapu gani

Mtu akiniambia "nilifanya bekapu", namuuliza: ya nini? Vitu vyetu havikai mahali pamoja. Mazungumzo ya WhatsApp yana bekapu yake peke yake. Majina ya simu yako kwenye Google Contacts, au kwenye laini, au kwenye simu yenyewe tu. Picha ziko Google Photos kama uliiwasha. SMS, orodha ya simu ulizopiga, programu na mipangilio viko kwenye bekapu ya Android. Moja inaweza kuwa salama kabisa huku nyingine haijawahi kuwepo.

Njia ya uhakika ya kuangalia ni kuingia kwenye kompyuta, kufungua drive.google.com kwa Gmail unayoitilia shaka, kubonyeza "Storage", kisha "Backups". Bekapu ya WhatsApp ikiwepo utaiona hapo pamoja na tarehe yake. Kama haipo, jaribu Gmail nyingine kabla ya kukata tamaa.

Nasema Gmail nyingine kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi nilizoziona zinapoishia. Mtu ananunua simu dukani, kijana anayeiuza anamfungulia Gmail ya harakaharaka ili Play Store ifanye kazi, na mwenye simu haambiwi hata nywila. Miaka inapita. Bekapu zote zinakwenda kwenye Gmail ile ambayo mwenyewe hajawahi kuifungua.

Mama mmoja muuza vitenge alinijia na simu mbili. Akaniambia, "Mwanangu, mimi bekapu nafanya kila Ijumaa, nabonyeza mwenyewe. Sasa hii mpya inasema hakuna kitu. Oda za wateja wangu zote zimo humo." Tukafungua simu ya zamani, "Settings", "Chats", "Chat backup". Chini ya maneno "Google Account" palikuwa na anwani yenye jina la kwanza la mtu na tarakimu nyingi nyuma yake. Nikamuuliza, "Mama, hii ni ya nani?" Akaitazama kwa muda. "Hata siijui. Labda ya yule kijana wa dukani." Kila Ijumaa alikuwa anahifadhi kweli, ila kwenye akaunti isiyo yake. Nywila hatukuwa nayo, lakini kwa kuwa simu ya zamani ilikuwa bado inawaka, hatukuihitaji. Tulibonyeza hapohapo kwenye "Google Account", tukachagua Gmail yake halisi, tukabonyeza "Back up" kwenye Wi-Fi, tukasubiri ifike mwisho. Simu mpya ilipowekwa WhatsApp upya, bekapu ilionekana bila maneno, na oda za kwanza alizokwenda kuzitafuta zilikuwa zote mahali pake.

Simu ya zamani ikiwa imeibiwa au imekufa, nenda accounts.google.com/signin/recovery. Hata kama huikumbuki anwani, chagua "Forgot email" uandike namba yako ya simu na jina. Kama namba hiyo iliwahi kuunganishwa na akaunti, Google itakuonyesha. Fanya hivyo ukiwa mahali ulipozoea kutumia intaneti, kama nyumbani au kazini, maana Google hukuamini zaidi ukiwa kwenye mtandao inaoufahamu. Ukiipata, iongeze kwenye simu mpya kupitia "Settings" za simu, sehemu ya "Accounts", kabla ya kufungua WhatsApp.

WhatsApp inasema hakuna bekapu

Ukishahakikisha Gmail ni ile, pita kwenye sababu hizi kwa mfuatano.

Namba. Bekapu imefungwa kwa namba iliyoitengeneza. Ukithibitisha WhatsApp kwa laini mpya, bekapu ya laini ya zamani haifunguki hata kama Gmail ni ileile. Dawa yake: thibitisha kwanza kwa namba ya zamani, rudisha mazungumzo, kisha ndani ya WhatsApp tumia "Change number" kuhamia namba mpya. Laini ya zamani si lazima iwe ndani ya simu janja. Inaweza kukaa kwenye kiswaswadu chochote, SMS ikifika unaziandika zile tarakimu sita. Kama laini imepotea, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako wakurudishie namba ileile. Tanzania watakuchukua na alama za vidole. Usichelewe, kwa sababu namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika mitandao humpa mtu mwingine.

Ruhusa. Kabla ya kutafuta bekapu, WhatsApp huomba ruhusa ya kuona mafaili na ya kutumia akaunti ya Google. Aliyebonyeza "Not now" kwa mazoea amejifungia mlango mwenyewe. Ondoa programu, iweke upya, safari hii kubali.

Huduma za Google. Bekapu ya Google inahitaji Google Play Services kwenye simu. Simu nyingi za Huawei kuanzia Mate 30 ya Septemba 2019 zilitoka bila huduma hizo, kwa hiyo bekapu ya Google haiwezi kushuka humo kwa njia ya kawaida. Tumia njia ya faili za ndani nitakayoieleza. Kwenye Tecno, Infinix, itel au Samsung mpya, huduma zipo, ila huwa za zamani tangu kiwandani. Fungua Play Store, acha zisasishwe kwanza, zima na uwashe simu, ndipo uweke WhatsApp.

Muda. Bekapu ya WhatsApp ikikaa zaidi ya miezi 5 bila kusasishwa, inaweza kuondolewa kwenye akaunti ya Google. Aliyeweka simu kabatini mwaka mzima asishangae.

Aina ya simu. Bekapu iliyoko Google haisomeki kwenye iPhone, na iliyoko iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple) haisomeki kwenye Android. Ukihama kutoka Android kwenda iPhone, WhatsApp huhamishwa kwa programu ya Move to iOS, na iPhone lazima iwe mpya au iliyofutwa ikiwa kwenye hatua za kuanzia. Ukishaianza kuitumia, utalazimika kuifuta. Bora kujua hilo kabla hujaweka picha za harusi humo.

Kuna pia wanaotumia GB WhatsApp na ndugu zake. Hizo si za WhatsApp, na mafaili yake hukaa kwenye folda tofauti. WhatsApp yenyewe haiahidi kuyapokea. Kama bado inafunguka, ingia kwenye mazungumzo muhimu, moja baada ya jingine, utumie "Export chat" uyatume kwenye barua pepe yako. Yatakuwa maandishi ya kusoma tu, lakini utakuwa nayo.

Imeonekana, ila inakatika au inaganda

Hapa tatizo ni mtandao, nafasi au saa.

Anza na saa na tarehe. Simu iliyokaa siku nyingi bila chaji huamka na tarehe ya mwaka mwingine, na simu yenye tarehe isiyo sahihi hukataliwa na seva za Google kwa sababu za usalama. Ujumbe unaotokea husema tu imeshindwa kuunganishwa, na mtu anahangaika na bando bure. Weka tarehe ijipange yenyewe kwenye mipangilio ya "Date & time".

Kuhusu bando, kuna kitu hakisemwi vya kutosha. Bekapu yako haishuki kutoka WhatsApp, inashuka kutoka Google. Ukiwa na kifurushi cha WhatsApp peke yake, au cha mitandao ya kijamii, ujumbe mpya utaingia vizuri kabisa huku bekapu haisogei hata kidogo. Unahitaji bando la kawaida la intaneti au Wi-Fi, na la kutosha: ukurasa wa kurudisha huonyesha ukubwa wa bekapu, uangalie kabla ya kubonyeza "Restore". Bekapu ya GB 4 juu ya bando la GB 1 haitafika. Kama huna Wi-Fi nyumbani, nenda kwa ndugu au ofisini kwa mtu mwenye nayo, uichomeke simu kwenye chaji, uzime hali ya kuokoa betri, na usiiruhusu ilale.

Nafasi ndani ya simu nayo huwaangusha wenye simu za GB 32. Mfumo wenyewe umeshachukua sehemu kubwa, halafu mtu anapakua TikTok, Facebook na michezo kabla ya kurudisha WhatsApp. Rudisha kwanza, pamba baadaye. Nafasi iliyo wazi iwe zaidi ya mara mbili ya ukubwa wa bekapu, utakuwa salama. Kadi ya memori haisaidii hapa, kwa sababu WhatsApp huweka data zake kwenye memori ya ndani.

Ujue pia kwamba maandishi hurudi kwanza, picha na video hufuata kimyakimya wewe ukiwa umeshaanza kutumia programu. Kuona picha zina ukungu siku ya kwanza si kosa. Usiondoe programu kwa hofu. Iache kwenye Wi-Fi na chaji.

Inadai nywila usiyoikumbuka

Watu huchanganya vitu vitatu hapa. Kuna msimbo wa tarakimu sita unaokuja kwa SMS. Huo ni wa kuthibitisha namba, na usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Kuna PIN ya tarakimu sita uliyojiwekea mwenyewe ya uthibitisho wa hatua mbili. Ukiisahau na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7 ndipo uiweke upya. Na kuna nywila ya bekapu iliyofungwa kwa usimbaji (isiyosomeka bila ufunguo), huduma ambayo WhatsApp iliianzisha mwaka 2021. Hii ya tatu ndiyo isiyo na mchezo: aliyeiwasha alichagua nywila yake au ufunguo wa tarakimu 64, na bila hicho si WhatsApp wala Google anayeweza kuifungua.

Simu ya zamani ikiwepo, umepona. Ingia "Settings", "Chats", "Chat backup", "End-to-end encrypted backup". Hapo unaweza kuizima, au kubadili nywila kwa kuchagua kwamba umeisahau, ukijithibitisha kwa alama ya kidole au PIN ya simu. Kisha tengeneza bekapu mpya uirudishe. Simu ya zamani ikiwa haipo na nywila huikumbuki, usimlipe mtu anayekuahidi kuivunja. Atachukua pesa yako na pengine Gmail yako pia.

Njia ya pembeni: faili zilizo ndani ya simu

Hii imeokoa watu wengi na wachache wanaijua. Kila usiku saa nane, WhatsApp ya Android hutengeneza nakala ndani ya simu yenyewe, bila Google na bila bando, na huziweka za siku 7 zilizopita. Hata kama Google ina bekapu ya zamani au haina kabisa, hizi zinaweza kuwepo.

1. Kwenye simu ya zamani, fungua programu ya mafaili, ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp. Ndani yake kuna folda ya Databases (mazungumzo) na ya Media (picha, sauti na video).

2. Nakili folda yote ya WhatsApp kwenye kompyuta au kadi ya memori. Usihamishe; nakili.

3. Kwenye simu mpya, weka WhatsApp lakini usithibitishe namba. Peleka folda uliyonakili mahali palepale: Android, media, com.whatsapp.

4. Sasa fungua WhatsApp, toa ruhusa zote, thibitisha namba ileile. Itakuambia imeona bekapu ya ndani. Bonyeza "Restore".

Ukitaka ya siku fulani, kwa mfano kabla mtoto hajafuta kundi la familia, angalia ndani ya Databases. Iliyo kuu inaitwa msgstore.db.crypt14 au crypt15. Za siku nyingine zina tarehe katikati, kama msgstore-2025-03-09.1.db.crypt14. Badili jina la ile kuu liwe kitu kingine, kisha ifanye yenye tarehe iitwe msgstore.db.crypt14 (au msgstore.db.crypt15, kama ilikuwa na 15). Namba iliyo mwisho wa jina, 14 au 15, usiibadilishe kamwe. Faili hizi zimefungwa, na kwa kawaida ufunguo wake hutoka WhatsApp baada ya kuthibitisha namba, ndiyo maana namba nyingine haizifungui.

Simu zote mbili zikiwa zinafanya kazi na ni Android kwa Android, au iPhone kwa iPhone, kuna njia fupi zaidi isiyohitaji bekapu wala bando, iliyokuja mwaka 2023. Simu ya zamani ingia "Settings", "Chats", "Transfer chats", kisha uchanganue msimbo wa QR unaoonekana kwenye simu mpya. Ziweke karibu, Wi-Fi ikiwa imewashwa kwenye zote mbili. Binafsi siku hizi naanza na hii, bekapu naiweka akiba.

Bekapu ya simu nzima ya Android haionekani

Ukiwasha simu mpya, inakuuliza kama unataka kunakili data kutoka simu ya zamani. Simu yako isipokuwa kwenye orodha, sababu huwa mbili zaidi ya ile ya Gmail.

Ya kwanza ni toleo. Bekapu ya Android ya juu hairudi kwenye simu yenye Android ya chini. Mtu anatoka kwenye Samsung yenye Android 14, ananunua simu ya bei nafuu yenye Android 13, bekapu haitokei. Angalia "About phone" kuona toleo. Kama simu mpya ina sasisho, ianze kama simu mpya, isasishe, kisha ifute kupitia "Settings" yenyewe, si kwa vitufe vya pembeni, uanze upya na kuchagua bekapu. Kama haina sasisho, rudisha vitu kimojakimoja: majina, picha, WhatsApp.

Ya pili ni muda. Simu isipotumika kwa siku 57, Google hufuta bekapu yake. Hii haigusi picha zilizo Google Photos.

Katikati ya kurudisha unaweza kuulizwa PIN au mchoro wa kufungulia simu ya zamani. Si kosa, ndiyo funguo ya bekapu. Kazi nzima inaweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo SMS zisipoonekana jioni ya kwanza, subiri. Programu ulizoweka kwa faili za APK (faili za kusakinisha programu nje ya Play Store) kutoka kwa marafiki hazitarudi.

Majina yakiwa hayapo, ingia contacts.google.com. Kama yapo pale, washa usawazishaji wa "Contacts" kwenye akaunti ya Google ndani ya simu. Kama yalifutwa ndani ya siku 30 zilizopita, ukurasa huo una "Undo changes" ya kuyarudisha yalivyokuwa siku unayoitaka. Yakiwa hayapo popote, yalikuwa kwenye laini au kwenye simu ya zamani, yakatafute huko. Picha nazo zitazame photos.google.com, na ukumbuke kwamba zilizotumwa WhatsApp haziingii Google Photos mpaka uwashe folda hiyo.

iPhone

Kwenye iPhone kosa la kwanza hufanyika kwenye kompyuta. Kuna vitufe viwili vinavyofanana: "Restore iPhone" hufuta simu yote na kuweka mfumo upya; "Restore Backup" ndicho kinachorudisha vitu vyako. Soma mara mbili.

Ukiambiwa bekapu haiendani na simu au iOS (mfumo wa iPhone) ni ya zamani, bekapu imetoka kwenye toleo la juu kuliko lililomo. Ianze iPhone kama mpya bila kuweka chochote, isasishe, kisha "Erase All Content and Settings", na urudishe bekapu.

Ukiambiwa bekapu imeharibika, kwanza sasisha iTunes au programu ya Apple Devices kwenye Windows, au macOS yenyewe. Kisha nakili folda ya bekapu mahali pengine kabla ya kujaribu tena. Kwenye Mac iko ~/Library/Application Support/MobileSync/Backup. Usifungue wala kubadili majina ya mafaili ya ndani. Ndivyo zinavyoharibika kweli.

Makosa ya namba 9, 4005, 4013 na 4014 maana yake simu ilikatika na kompyuta katikati ya kazi. Mara nyingi ni waya. Tumia waya halisi au wenye ubora, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyaji cha USB, ujaribu tundu jingine, na kama kwenu umeme hukatika, tumia laptopu yenye chaji kuliko kompyuta ya mezani.

Bekapu ya kompyuta iliyofungwa kwa nywila haifunguki bila nywila hiyo. Jaribu nywila za zamani za kompyuta, za Apple na PIN za simu, kwa sababu watu wengi hurudia zilezile. Kwenye iOS 11 na kuendelea unaweza kufuta nywila kwa "Reset All Settings", lakini hiyo inakuwezesha kutengeneza bekapu mpya tu, ile ya zamani inabaki imefungwa.

iCloud hutoa GB 5 bure, na mtu mwenye picha nyingi huzijaza mapema sana, bekapu ikasimama bila yeye kugundua. Angalia tarehe ya bekapu ya mwisho kabla ya kuifuta simu. Kama nafasi haitoshi na unahama kwenda iPhone mpya, tangu iOS 15 Apple hukupa nafasi ya muda ya iCloud kwa hadi siku 21: ingia "Settings", "General", "Transfer or Reset iPhone", kisha "Get Started". Ukiacha kutumia bekapu ya iCloud, ya mwisho hutunzwa siku 180.

Kabla ya kuiachia simu ya zamani

Usajili wako kwenye programu za benki na za pesa haurudi na bekapu, na haupaswi kurudi. Utazisajili upya kwenye simu mpya. Pesa yako haiko ndani ya simu. Laini ikiwa mkononi, *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya Kenya inafanya kazi hata kwenye kiswaswadu. Programu za misimbo ya kuingilia akaunti, kama Google Authenticator, zihamishe kwa mkono ukiwa na simu zote mbili.

Kisha fungua WhatsApp kwenye simu mpya na upitie juu kwenye mazungumzo matatu ya zamani mpaka mwanzo wake. Tafuta jina la mtu usiyempigia mara kwa mara. Fungua picha ya miaka miwili nyuma, uikuze uone kama ni kamili au ni kivuli tu. Cheza ujumbe wa sauti mmoja wa mtu unayemthamini. Vyote vikifunguka huku intaneti umeizima, vimo ndani ya simu, na hapo unaweza kuondoa akaunti yako kwenye simu ya zamani na kuifuta.

Ukishaifuta, rudi kwenye simu mpya, washa "Automatic backups" uliyoizima mwanzo, na hakikisha Gmail iliyoandikwa chini yake unaijua nywila yake.